Bei ya Kidude Kilichotumika

Mkataba wa gari lile ulikuwa ukurasa mmoja. Tuliutia saini mbele ya sheha wa mtaa, mimi na bibi mwenye gari. Wakati huo nilikuwa nimeshafanya kazi ya kuchukua wageni kwa miaka kumi na tatu, siku zote kwa magari ya watu na kwa malipo ya kutwa, na nilikuwa nimechoka kuamka asubuhi nisijue leo nitapewa gari gani au nitaambiwa hakuna kazi. Yeye alikuwa mjane wa Malindi ya hapa kisiwani, mtu wa miaka sabini na kitu, aliyeachiwa na mumewe magari mawili: hili la dizeli, la abiria wanane, na jengine jipya zaidi alilokuwa akilitumia mwanawe. Tulikubaliana nikodi hili kwa miaka miwili, kisha nilirudishe. Nikilirudisha zima, alisema, atanikodisha lile jipya.

Kifungu cha mwisho cha karatasi kilisema gari lirudi kama lilivyotoka, bila ya kuongezwa wala kupunguzwa kitu. Nilikisoma vizuri. Siwezi kusema sikukiona.

Gari lilikuwa zima lakini zito. Likiwa na mimi peke yangu lilikwenda vyema, lakini ukishapakia wageni saba na masanduku yao, ukafungua kiyoyozi, lilikuwa kama mtu anayepanda ngazi na gunia la mchele. Njia ya Kendwa ina malori ya mchanga, na ukishakwama nyuma ya lori utakula vumbi mpaka Mahonda. Siku moja nilikuwa nnawarudisha wageni uwanja wa ndege, mume na mke watu wazima. Mara tatu nilitoka kulipita lori, na mara tatu nikarudi nyuma yake kwa sababu gari halikuvuta. Tulifika mlango wa kuingilia wasafiri ukiwa umeshafungwa. Yule mzee hakunigombeza. Alikaa juu ya sanduku lake, akavua viatu, akaangalia sakafu. Hoteli iliyonipa safari ile haikunipigia tena kwa wiki tatu.

Ndipo nilipokwenda kwa fundi mmoja wa Mwanakwerekwe, nikamweleza. Akatoa kabatini kiboksi cheusi, kikubwa kidogo kuliko pakiti ya sigara, kikiwa na waya wenye plagi mbili.

"Hiki unakipachika hapa kwenye bomba la dizeli," alisema. "Kompyuta ya gari inaambiwa presha ni ndogo, basi inaongeza. Gari linavuta."

"Gari si langu. La kukodi," nikamwambia.

"La kukodi ndiyo pahala pake hasa. Hakitoboi tundu, hakiachi alama. Mkataba ukimalizika unakichomoa, dakika mbili tu. Halafu unakiuza, pesa yako inarudi karibu yote. Vitu hivi havishuki bei, yakhe. Kisiwa kizima kila dereva anavitafuta."

Alitaka laki nne. Nilimwambia nitafikiri, nikarudi nyumbani, nikamwambia mke wangu. Alikuwa akikuna nazi, hakuacha kukuna.

"Na yule bibi umemwambia?" akauliza.

"Kinachomolewa. Hatokijua."

"Sikuulizi kama atakijua."

 Keshoye nilikwenda nikakinunua.

Sitadanganya, kilifanya kazi. Gari likawa jepesi. Nilipowapita watu njia ya Kendwa niliwapita kwa utulivu, bila ya kushika usukani kwa mikono miwili na kuomba dua. Safari zilirudi, hoteli mbili zikaniweka kwenye orodha zao za kudumu. Kwa mwaka mmoja na nusu sikumchelewesha mgeni hata mmoja. Lilianza kutoa moshi kidogo mweusi kila nikikanyaga mafuta, nami nikajifunza kutoangalia kioo cha nyuma.

Jambo moja tu lilinisumbua. Kila mwezi nilimpeleka bibi kliniki ya presha, kwa hiari yangu, haikuwemo kwenye mkataba. Alikaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, akinihadithia habari za mumewe alipokuwa baharia. Siku hizo niliendesha taratibu mno, mguu haugusi chini, asije akahisi gari lake limebadilika. Siku moja aliniambia, "Wewe unaendesha kama marehemu mume wangu. Hakuwa na haraka na mtu." Nilicheka. Nilipomshusha nilikaa ndani ya gari muda mrefu kabla ya kuondoka.

Miaka miwili ikatimia. Asubuhi ya kurudisha nilifungua boneti nyumbani kwangu, nikachomoa kidude, nikakifuta grisi, nikakitia kwenye mfuko wa plastiki. Kweli hakikuacha alama. Nililiosha gari, nikalipeleka Malindi. Bibi alitoka barazani na fimbo yake, akalizunguka, akapapasa mlango.

"Limerudi kama lilivyotoka?"

"Limerudi, Bi."

"Allah akuweke. Mwisho wa mwezi ujao njoo, tuandikiane la pili."

Mwezi ule wa kungoja niliufanya wa kutafuta mnunuzi. Nilianza kwa fundi yule yule. Alikigeuza kidude mikononi kama kitu asichowahi kukiona.

"Hivi vya zamani," alisema. "Sasa vimekuja vya kuendesha kwa simu. Huwezi kumuuzia mtu hiki."

"Uliniambia havishuki bei."

"Nilikwambia kwa wakati ule." Akataka kunipa elfu sabini. Nikachukua mfuko wangu nikatoka.

Kendwa nilikuwa na mwenzangu dereva wa hoteli, mwenye gari la aina ile ile. Tulikaa nyuma ya jiko la hoteli, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema gari lake na yeye si lake, hoteli imelikodi kwa kampuni, na kila miezi mitatu anakuja mtu na kompyuta kulikagua. "Wakikuta kitu, mie nyumbani," alisema. Alinipa chai na mkate wa kumimina, tukazungumza habari za watoto. Nilianza kufahamu kuwa wanaokihitaji kidude ni watu wa magari ya kukodi, na watu wa magari ya kukodi ndio wanaokiogopa. Mwenye gari lake mwenyewe, akitaka nguvu, ananunua gari lenye nguvu.

Nikasikia kuna mtembeza wageni Jozani mwenye gari kama lile, lake mwenyewe. Nilikwenda. Alikuwa mtu mwema, alikuwa tayari kutoa laki mbili pale pale. Tulifungua boneti chini ya miti, kima punju wakikaa juu ya matawi na mikia yao mirefu, tukahangaika nusu saa. Plagi haikuingia. Gari lake lilikuwa la mwaka wa mbele, na walikuwa wamebadilisha umbo la plagi. Alinisindikiza mpaka barabarani, akanambia pole. Nilisimama kwenye jua nikingoja gari la kunirudisha mjini, mfuko mkononi, na nilihisi uchovu ambao si wa mwili.

Wiki iliyofuata nilipigiwa simu na mtu nisiyemjua. Alijitambulisha kuwa yeye ndiye aliyekodishwa gari baada yangu. Alikuwa Mtumbatu, makamo yangu, aliyeacha kazi ya injini za boti ili awe karibu na wanawe wanaosoma mjini. Aliomba tuonane. Tulikutana Forodhani baada ya sala ya alasiri, wauzaji wakiwa bado wanapanga meza zao.

"Nakuuliza kwa heshima," alisema. "Gari lile wewe ulilifanya nini? Bi ananambia miaka miwili hukuwahi kulalamika. Hoteli zinanambia wewe ulikuwa ukifika. Mie likipakia watu halivuti. Nshafungua pampu ya dizeli mara mbili, nshabadilisha filta zote, halina ugonjwa. Sasa Bi anadhani mie ndiye niliyeliharibu."

Nilimwangalia. Viganja vyake vilikuwa vimepasuka kwa dizeli. Alikuwa ameutafuta ugonjwa usiokuwepo, kwa sababu mimi nilikuwa nimeuondoa uzima usiokuwa wa gari.

Nikamwambia yote. Alinisikiliza bila ya kunikatiza.

"Unacho bado?" akauliza.

"Ninacho."

"Niuzie. Laki tatu nitakupa. Mie sina njia nyengine."

Laki tatu. Karibu mwezi mzima nilikuwa nikikitembeza kisiwani, na mtu pekee ambaye kidude kilikuwa na thamani kwake ni huyu, mwenye gari lile lile moja. Mkono wangu ulikuwa umeshaingia mfukoni. Lakini nilijua na yeye ametia saini karatasi ile ile mbele ya sheha, na kwamba baada ya miaka miwili atasimama pale barazani, ataulizwa, na atajibu kama nilivyojibu mimi. Nikamwambia anipe siku moja.

Malindi si mbali. Nilikwenda kwa miguu, nikapita njia ndefu, nikaupita mlango wake, kisha nikarudi. Bibi alikuwa ukumbini akichagua mchele.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Mbona leo? Si tumesema mwisho wa mwezi?"

Nilikitoa kidude kwenye mfuko, nikakiweka juu ya mkeka, nikamweleza. Alivaa miwani, akakichukua, akakipima uzito mkononi.

"Hiki ndicho?"

"Ndicho."

"Kwa hiyo siku zote nilizopanda mimi, kilikuwemo."

"Kilikuwemo, Bi."

Alirudi kwenye mchele. Akatoa kijiwe, akakiweka pembeni. "Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Ukanambia limerudi."

 Nilijitolea kulipeleka gari kwa fundi likaguliwe na kulipa kilichoharibika. Alisema atalipeleka mwenyewe. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kila siku, "Lile la pili nitampa mtu mwengine. Sikukasirikii, usidhani. Lakini nitakuwa nakuuliza kitu, unanijibu, nami nakaa nafikiri kama ni kweli. Sina tena umri wa kuishi hivyo na mtu."

"Nimefahamu, Bi."

"Chukua kitu chako."

Nikakichukua.

Baadaye yule Mtumbatu alinipigia. Bibi alikuwa amezungumza naye, amemwomba radhi kwa kumdhania, na amempunguzia kodi kwa kuwa gari ni zito. Fundi wa Bibi alikuta tabo, ile inayosukuma hewa kwenye injini, imeanza kuvuja oili. Hakuweza kusema kama ni uzee au ni kidude. Bibi aliitengeneza, hakuniletea salamu yoyote. "Basi kile sikihitaji tena," mwenzangu alisema. Alinishukuru. Sikujua ananishukuru kwa lipi, nikaona haya kumuuliza.

Nilirudi kwenye kazi ya kutwa. Ukiwa na miaka hamsini na mbili, kuamka alfajiri na kwenda kusimama kwenye maegesho kungoja mtu akupe ufunguo si kama ulipokuwa na thelathini. Miguu inajua. Mke wangu hakunisema hata siku moja, na hilo nalo nilikuwa nalibeba.

Kidude nilikiuza Mkokotoni, nilipopeleka wageni wa kuvuka kwenda Tumbatu. Kulikuwa na fundi wa umeme wa magari karibu na gati, nikamwonesha bila ya matumaini. Hakuuliza kinafanya nini. Aliangalia plagi tu.

"Hizi ni za asili," alisema. "Hapa kisiwani hazipatikani. Watu wanakuja na plagi zilizovunjika, natia gundi. Elfu thelathini."

"Na kiboksi?"

"Kiboksi sikitaki."

Nilikubali. Alichukua koleo, akakata waya karibu kabisa na boksi, plagi moja kisha ya pili, akazitia kwenye kopo lake. Hakuchukua hata dakika. Kiboksi akanirudishia. Nilikiacha juu ya meza yake, akakisukuma pembeni kupisha kazi nyengine, nami nikaenda kuwangoja wageni wangu.

Bibi nilimwona tena miezi kadhaa baadaye, kwenye khitma ya jirani yake. Wanaume tulikuwa tunatoka, yeye alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni pa nyumba ya pili na wanawake wenzake. Nilifikiri nipite upande wa pili wa njia. Kisha nikamwendea.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Watoto wazima?"

"Wazima, Bi. Na wewe presha?"

"Ipo. Inapanda, inashuka."

Alinishika mkono kidogo, kama wanavyoshika watu wazima, kisha akauachia akageuka kumjibu mwenzake aliyekuwa akimwita. Mimi nikatafuta viatu vyangu kwenye rundo la mlangoni.