Bidon yangu mu mustari ya kuchagua

Banafunzi wa Butembo balisahau jina yangu. Bananiita Ya Bidon, ni kusema Dada Bidon.

Si juu ya umbo, asante. Ni juu ya ile siku bidon yangu ya manjano, dumu ya kuchotea maji, ilisimama mu mustari ya kuchagua Butembo, na carte yangu ya uchaguzi inaniita Beni.

Ngoja niwaelezee polepole.

Naitwa Kavugho. Masomo yangu iliishia primaire. Napikaka maharagi na beignets, ni kusema mandazi, mbele ya nyumba moja ya banafunzi wa université. Beo banakula, banabishana politique, miye nasikiliza. Ukisikiliza politique kila siku na sahani mu mukono, utaanza kujiona uko na diplôme.

Mwaka 2023, enrôlement ikafika, kujiandikisha kwa uchaguzi. Banafunzi hawakutaka kwenda.

"Ya Kavugho, ile mustari ni murefu kuliko mémoire yangu ya kumaliza masomo," Élysée alisema. Ni kijana wa Musienene, asubui anasoma, jioni ni motard, anabeba batu ku piki.

Ornella, mwenye anasomea droit, mambo ya sheria, akaongeza: "Na tukipata carte itatusaidia nini? Mara ya mbele si tuliachwa inje?"

Hapo alinichoma.

Mara ya mbele, 2018, juu ya Ebola, Beni na Butembo hatukuchagua président pamoja na bengine. Nilikuwa na carte yangu ya kwanza, safi kabisa. Nilibakia nayo kama mutu mwenye amevaa nguo ya ndoa na bwana hakukuja.

Nikajiapia: mara hii kidole yangu itaona wino.

Basi nikatumia akili ya robinet, ya bomba ya maji.

Huku kwetu, ukitaka maji unapanga bidon. Bidon ni mutu. Hakuna mwenye anaruka bidon ya mwenzake. Akiruka, bamama banamuosha na matusi mpaka anasahau kiu.

Asubui nikapanga mabidon ya banafunzi mbele ya centre ya kujiandikisha, kila moja na kitambaa ya mwenyewe. Batu hawakushangaa. Mustari ikienda mbele, banasukuma bidon na muguu, basi.

Ni agent mumoja tu, mutu wa kutoka mbali, alikuja kuangalia.

"Hizi bidon nazo ziko na umri wa kuchagua?"

"Zingine ziko na bajukuu," nikamujibu.

Banafunzi balitoka ku cours, kila mutu akakamata fasi ya bidon yake. Bote balipata carte.

Kichwa yangu ikavimba.

Nikaanza kufundisha. Ukija kununua beignet, mbele ya kuipokea unasikia somo: "Fasi ulijiandikisha, njo fasi utachagua. Carte haina miguu." Nililisema mpaka Ornella akasema beignets zangu zinaivaka na règlement ya uchaguzi ndani.

Miye mwenyewe? Nilijiandikishia Mavivi, kule Beni, siku nilienda kuangalia mama. Mustari ya kule ilikuwa mufupi.

Usicheke sasa. Ngoja.

Desemba, banafunzi bakaanza kufunga mizigo ya Noeli. Nikasimama ku mulango na mwiko.

"Mwenye atarudi kwabo mbele ya kuchagua, mwaka ujao asiulize maharagi yangu."

Bakabakia. Njaa inaogopewaka kuliko serikali.

Siku yenyewe, mabidon tena, mu kiwanja ya masomo fasi ya kuchagulia. Yangu nyuma ya zote, kama mwalimu na darasa yake. Bureau ilichelewa kufunguliwa. Jua ikapanda. Bidon hazikulalamika.

Kisha banafunzi bakaingia mumoja mumoja, bakatoka na wino ku kidole. Ornella alitoka ameinua yake juu, kama mutoto mwenye anajua jibu.

Zamu yangu. Agent akaangalia carte. Akaniangalia.

"Dada, weye unachagulia Mavivi."

"Hapana, miye ni wa hapa. Uliza hawa bote."

"Carte haina miguu, dada."

Sentensi yangu. Kumbe ilikuwa imeshafika mpaka kwake.

Nikatoka inje. Ile loi, sheria ya carte, nilikuwa naifundisha kama loi ya banafunzi. Miye nilijiona mwalimu, na mwalimu hafanyake examen.

Élysée alicheka mpaka akakaa juu ya bidon. "Ya Kavugho, si ulisema fasi mutu alijiandikisha..."

"Nyamaza."

Ornella yeye aliona macho yangu. "Élysée, piki yako iko na mafuta?"

"Iko nayo."

"Sasa unakaa juu ya bidon juu ya nini?"

Tukapanda piki, miye na Élysée, mbio Mavivi. Vumbi yote ya ile barabara niliikula miye. Ku barrière, soldat mumoja akatusimamisha.

"Yaya, mbio hivi ni ya wapi?"

"Kuchagua, chef."

Akaangalia kidole ya Élysée. "Huyu ameshachagua."

"Ni miye nilimufundisha."

"Na weye?"

"Miye sikusikiliza muzuri ile somo."

Akacheka, akashusha kamba.

Tulifika Mavivi jua inashuka. Mustari ilijaza kiwanja yote. Polisi alikuwa anasema ati kesho hakuna kuchagua, ni leo tu. Nikaangalia ule murefu wake. Nikasema, basi, nguo ya ndoa tena.

Halafu nikaona bidon.

Bidon ya bleu, yenye imezibwa na kigunzi cha mahindi. Imesimama karibu na mulango wa bureau. Pembeni yake mama yangu amekaa, anachambua maharagi.

"Umekawia," alisema.

"Mama, nani alikuambia nakuja?"

"Si ulijiandikishia huku? Ungechagulia wapi?"

Alikuwa ameipanga toka asubui. Kila mara ikifika ku mulango, anairudisha nyuma, inaanza tena. Ile akili ya robinet ni yeye alinipatia, na hakuisomea université.

Mama mumoja wa bureau akatoa kichwa.

"Ah, njo huyu mwenye bidon? Leo tumeiona kuliko témoins wa vyama. Ingia."

Kidole yangu ikaona wino.

Nilitoka na machozi, nikatafuta mama nimukumbatie. Mama hakuna. Bidon hakuna.

Alishaenda nayo kuchota maji.

Bandugu, ukitaka kupangia batu fasi zao, soma kwanza carte yako, mbele na nyuma. Na kama mama yako anakumbuka mambo yako kuliko weye, mupelekee hata sabuni.

Bidon yangu ya manjano niliisahau Butembo. Ornella aliniambia kila mara ikifika ku mulango banairudisha nyuma, ikabakia mu mustari mpaka bureau ikafunga. Hakuna mwenye aliiruka.