Tepu ya Jenerali

Jenerali ni fundi cherehani, na vita vyote alivyopigana maishani mwake amevipigana akiwa na kandambili miguuni, juu ya meza niliyoitengeneza mimi. Jina hilo tulimpa kwa utani. Yeye akalichukua kwa dhati, na siku hizi ukimwita fundi anachelewa kuitika.

Chama chetu kina watu wanane, watu wazima wenye familia, ambao kila Jumamosi alasiri hukusanyika katika karakana yangu ya useremala kupiganisha askari wa plastiki wenye urefu wa kidole gumba. Kila askari ana mwendo wake kwa inchi. Unapima, unamsogeza, unarusha dadu kuona nani kafa. Wake zetu wanatucheka, na wana haki. Lakini tuna kombe, na penye kombe hapakosi roho mbaya.

Kombe hilo Jenerali alilichukua miaka minne mfululizo, na katika fainali tatu kati ya hizo aliyelala chini ni mimi. Uchezaji wake ulikuwa mmoja tu. Alijificha nyuma ya magofu ya maboksi, akanywa chai, akakuacha uhangaike mpaka uchoke. Kisha zamu za mwisho akafyatua farasi wake. Farasi wakishambulia huenda inchi ishirini na nne. Mimi nilisimamisha askari wangu mbali kidogo kupita hapo, nimepima mara mbili, najua niko salama. Yeye akavua tepu shingoni, akaitandaza, na farasi wakafika. Wakafika kila mara, kwa upana wa kidole. "Jicho la fundi," alikuwa akisema, kisha anatueleza nusu saa nzima kwa nini sisi wengine hatukujaliwa jicho hilo.

Utauliza kwa nini hatukuichukua ile tepu tukaikagua. Kwetu kila mtu hupima kwa tepu yake na hakuna anayegusa ya mwenzake. Ukiigusa umemwita mwizi. Isitoshe, nani atambishia fundi cherehani habari za inchi? Tepu yenyewe ilikuwa ya kitambaa, aliachiwa na bwana aliyemfundisha kazi, na alikuwa ameivaa miaka kumi na tisa. Alikuwa akiifua pamoja na mashati yake na kuikamua vilevile.

Duka lake la nguo za kiume liko ng'ambo ya barabara, mlango mmoja, vyerehani viwili. Kimoja chake, kingine cha mkewe, ambaye mimi humwita shemeji. Zamani Jenerali alipima wateja na kukata mwenyewe, mkewe akishona. Vita vilipomkolea, alibaki na kupima tu: anaandika namba kwenye daftari, anarudi kupaka rangi askari wake, na mkewe anakata kwa namba hizo. Tangu hapo nguo zikaanza kubana. Suti chache alizokata Jenerali mwenyewe zilikaa mwilini vizuri kabisa. Zilizokatwa na shemeji zilirudi: kiuno kinabana, kwapa linakata, kifungo hakifiki kwenye tundu lake. Suruali ya Mwalimu, katibu wa chama chetu, ilipasuka nyuma alipoinama kuokota chaki mbele ya wanafunzi arobaini, na somo likaishia hapo.

Jenerali hakumsitiri mkewe. Kila nguo iliyorudi alimwita mbele ya mteja, akamwonyesha palipobana, akacheka na mteja. Alisema mkono wa mke wake ni bahili, unaonea kitambaa huruma. Mwaka wa kwanza shemeji alijitetea. Mwaka wa pili akanyamaza. Mwaka huu nilimsikia kwa masikio yangu akimwomba radhi mteja, kwamba mkono wake ndivyo ulivyo, wamvumilie. Mwanamke aliyeshika mkasi tangu usichana wake. Tayari walikuwa wamepatana na mkataji wa kuajiriwa, aanze Jumatatu, na shemeji ahamie kwenye vifungo na mapindo. Iliniuma, lakini sikutia neno. Nilidhani Jenerali anaijua kazi yake.

Sasa, mwaka huu Mwalimu akachoshwa na vita vya kukaa na kunywa chai. Alisoma kwenye mtandao kwamba wenzetu wana mitindo chungu nzima, akapendekeza tujaribu mmoja kila mwezi. Mwezi wa kwanza tukacheza na majeshi madogo, askari kumi kumi. Jenerali akasema huo ni mchezo wa chekechea, akashinda. Mwezi wa pili tukaweka mezani saa ya wacheza sataranji, ile yenye vitufe viwili. Kila upande una dakika arobaini na tano, na zikikuishia umeshindwa hata kama askari wako wote wako hai. Jenerali akasema vita vya kweli havina haraka, akatokwa jasho, akashinda kwa sekunde chache. Mwezi wa tatu, ambao ndio wa kombe, tukakubaliana kucheza wawili wawili, na saa ibaki palepale.

Hapo akakwama. Tulikuwa tumezisikiliza hotuba zake miaka minne tukiwa maadui, nani azisikilize akiwa upande wake? Mmoja alisema ana mgonjwa nyumbani, mwingine akasema mgonjwa ni yeye mwenyewe. Mwishowe Jenerali akamchukua mkewe, huku akitutangazia kwamba atampa farasi watatu wa kushikilia pembeni na hatagusa kingine.

Shemeji hakukaa pembeni. Miaka yote hiyo alikuwa akituletea chai na kuondoka na vikombe, na kumbe macho hakuyafunga. Alicheza mbele, haraka haraka, akiingia pale ambapo sisi wanaume tungepima mara tatu na kuahirisha. Walifika fainali kwa sababu ya shemeji. Jenerali alimwambia kila mtu kwamba ule ulikuwa mpango wake.

Fainali ikawa wao dhidi yangu na Mwalimu, ambaye alikuja na suruali ile ile, ikiwa na kiraka. Zamu ya nne Jenerali aliagiza shambulio. Farasi wake watatu na wa mkewe watatu walisimama mstari mmoja, bega kwa bega, wote wa mwendo uleule. Akapima kwa tepu yake, akasogeza, wakawafikia askari wangu. Shemeji akavua tepu yake, ya kawaida tu ya dukani, bado mpya, akapima ishirini na nne, akasogeza wawili. Wote wawili wakakomea nyuma ya wenzao, na nafasi ya kidole ikabaki mbele yao.

Jenerali akatikisa kichwa, akawageukia waliosimama. "Mnaona? Hata hapa mkono wake unabana."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, na bado sijajisamehe. Shemeji alipima tena polepole, akapata ishirini na nne. Kisha akanyoosha mkono akaivuta tepu ya mumewe, na kwa kuwa ni mkewe hakuna aliyejua kama sheria ya chama inamhusu. Akailaza kando ya yake. Sote tukaona namba zikianza pamoja na kuachana kidogo kidogo kadiri zinavyokwenda.

Akaniuliza meza hii ina upana gani. Nikamwambia futi nne kamili, inchi arobaini na nane, niliikata mwenyewe kwa rula ya chuma. Akaipima kwa tepu yake ukingo hadi ukingo, ikasoma arobaini na nane. Akaipima kwa ya Jenerali, ikasoma arobaini na sita na robo tatu.

Mimi seremala sikuhitaji kuelezwa. Tepu ilikuwa imevutika. Jenerali alipokuwa akipima na kukata kwa tepu hiyohiyo, kosa lilijifuta lenyewe na nguo ikakaa. Lakini kiuno cha inchi thelathini na sita yeye alikiandika thelathini na tano, na mkewe, kwa tepu yake isiyovutika, alikata thelathini na tano za kweli, kama alivyoandikiwa. Mkono wake ulikuwa umenyooka siku zote. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua; huyu alisingizia mke. Na fainali zangu tatu je? Ulimi uliniwasha, lakini niliona si zamu yangu.

Jenerali hakuwa mwizi, hilo nalikubali. Alikuwa mtu asiyewahi kukosea. Alisema ni unyevu. Akasema tepu mpya siku hizi hunywea. Akasema hata meza za seremala huyu si za kuapia, na hilo nilitaka kulijibu kwa nyundo. Halafu akasema tuendelee, saa inakwenda.

Ilikuwa inakwenda kweli, na ilikuwa inakula dakika za upande wao. Walibakiwa na dakika kumi na moja. Kwa sheria ya wawili wawili, kitufe hakibonyezwi mpaka wote wawili wamalize zamu, na shemeji alikuwa amebakiza farasi mmoja.

Akafumbata mikono. "Nitamsogeza," akasema. "Kwanza mwambie Mwalimu suruali yake iliharibiwa na nani."

Lilikuwa jibu la maneno mawili. Jenerali alitazama saa, akatazama kombe kwenye rafu katikati ya makopo ya vanishi. Mchezo ulikuwa wao. Hata bila farasi wa shemeji tulikuwa tumekwisha, na kila mtu pale alijua. Akanyoosha bendera ya askari mmoja. Akakohoa. Akauliza kama kuna maji ya kunywa. Mwalimu alikuwa akitazama magoti yake. Dakika tano zikaenda, zikaenda saba, na shemeji hakukunjua mikono wala hakurudia agizo lake. Nimeona watu wakishindwa mchezo huu kwa dadu mbaya, kwa pupa, hata kwa kusinzia, lakini yule alishindwa akiwa ameshinda, kwa kukosa kusema neno. Saa ikalia.

Hakuna aliyelishangilia kombe, hata mimi niliyelisubiri miaka minne.

"Ni mimi," Jenerali akasema, wakati neno hilo halisaidii tena. Aliitazama meza, si watu. "Mwalimu, ilete Jumatatu, nikutengenezee nyingine."

"Ailete," shemeji akasema. "Nitampima mimi, na nitakata mimi. Yule mkataji mpigie simu hapahapa, tukisikia."

Jenerali akatoa simu, akapiga. Alipokuwa akisubiri ipokelewe, mkono ulikwenda shingoni kwa mazoea kuitafuta tepu, na haukuikuta. Shemeji alikuwa ameikunja na kuitia mfukoni mwake.