Darubini na Mashine Iliyokufa Saa Nne

Tulimwita Darubini kwa sababu ya miwani yake, minene kama kitako cha chupa, na kwa sababu hakuachana na kitu mpaka akione. Yeye alikuwa mtu wa programu, mimi fundi wa nyaya. Tulifanya kazi katika chumba cha mashine, ghorofa ya chini ya hospitali. Feni za mle zilivuma kutwa, na baridi ilitufanya tuvae sweta hata jua likiwaka. Yake ilikuwa ya kijani, imetatuka kiwiko. Bado naiona.

Mwaka ule, mashine kubwa iliyopeleka majibu ya maabara wodini ilianza kuzima yenyewe. Leo nzima, kesho nzima, keshokutwa saa nne asubuhi, kimya. Wauguzi wakarudi kupanda na kushuka ngazi na vikaratasi mkononi. Bosi alipouliza kulikoni, Darubini alijibu bila kuinua kichwa, "Nyaya hizo."

Neno lake halikupingwa. Nikapewa wiki mbili nibadilishe nyaya zote, la sivyo nitafute kazi kwingine. Nilitambaa juu ya dari mpaka mke wangu akaniuliza kama nimeajiriwa na panya. Nikamaliza. Siku ya tatu, saa nne, mashine ikazima.

Darubini alikuja mezani kwangu, akavua miwani.

"Kaka, nimekusingizia."

"Yameshapita, dada."

"Hayajapita. Bosi bado anakutazama wewe. Nipe muda."

Akaanza kusoma kiini cha mfumo endeshi, ile programu ya ndani kabisa inayoziamuru nyingine zote, upande wake wa mtandao. Alichapisha maelfu ya mistari, akatandaza karatasi sakafuni, akawa anatembea juu yake bila viatu, penseli sikioni. Baada ya wiki akaniita.

"Kila ujumbe unaoingia hupewa nafasi kwenye kumbukumbu ya mashine. Kazi ikiisha, nafasi inaachiwa, inapewa mwingine. Lakini waya ukikatika ghafla, ujumbe ukiwa katikati, upande mmoja wa programu unaachia nafasi, upande wa pili haujaambiwa. Unaendelea kuandika mle mle."

"Kama nyumba ya wageni. Mmoja bado anaoga, mwingine anaingia na mabegi."

"Hapo ndipo kelele zinapoanza," akacheka.

Kesho yake, saa nne asubuhi, tulikwenda maabara, ujumbe unakotoka, kuona ni nini kinachokata waya saa hiyo. Mama wa usafi alivuta meza apige deki chini yake, waya ukachomoka, akauchomeka tena kwa upole. Alipotuona akashtuka.

"Jamani, nimeharibu?"

"Hapana, mama," Darubini akamwambia. "Waya kuchomoka si kosa. Kosa ni mashine kufa kwa jambo dogo hivyo."

Programu yenyewe haikuwa yetu. Ilitunzwa na watu wa mbali. Darubini akamwandikia mtunzaji wa sehemu ile. Jibu lilikuwa mstari mmoja: hatujawahi kuliona tatizo hilo.

"Basi ataliona," akasema.

Tukachukua mashine kuukuu. Yeye anaimiminia ujumbe, mimi nimepiga magoti nyuma ya mashine, waya mkononi.

"Chomoa!"

"Nimechomoa."

"Chomeka!"

Siku ya kwanza, patupu. Ya pili, patupu. Siku ya tatu, mara ya mia mbili na kumi na nne, kioo kiliganda.

"Imekufa!" akapiga kelele. Tukashikana mikono, tukaruka kama watoto. Bosi akafungua mlango mbio.

"Nani kafa?"

"Mashine!" tukajibu pamoja. Akatutazama, akafunga mlango taratibu.

Dawa yake ilikuwa mistari mitatu tu: nafasi isiachiwe mpaka pande zote ziseme zimemaliza. Tukamtumia mtunzaji pamoja na maelezo ya jaribio letu. Safari hii alijaribu mwenyewe, mashine yake ikafa, akaandika kwa adabu na kuipokea. Yetu ikakaa siku kumi, ishirini, arobaini, haijazima. Bosi alishuka kunipa mkono.

Kisha Darubini akanionyesha orodha ya marekebisho ya programu ile. Chini ya jina lake palikuwa na jina langu, kwamba nimesaidia kugundua kosa. Mimi, ambaye sijawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu! Nilitoka nje nikasimama kidogo.

Sasa sote tumestaafu. Chumba kile kimejaa vitanda vibovu. Mwezi uliopita alinipigia simu.

"Kaka, ile sehemu wameiandika upya yote."

"Na mistari yetu?"

"Haipo tena."

Kisha nikamwuliza walikaa nayo muda gani.

"Miaka kumi na saba."

"Si haba, dada."

"Si haba hata kidogo," akasema, na nikamsikia anavuta kiti ili tuzungumze vizuri.