Bi Kaza Anaandaa Chombo

Ukitaka kumwona Bi Kaza akipandwa na hasira, na usiombe, legeza kamba mbele ya macho yake. "Kaza!" angekupigia kelele hata kama wewe ni mwenye chombo na umekuja kumpa kazi. Yadi nzima ya mashua walimwita kwa neno lake hilo, mpaka jina alilopewa na wazazi likasahaulika. Alikuwa mshona matanga. Alikaa sakafuni katika chumba kirefu kilichonuka nta, miguu kainyoosha, tanga limemwagika kutoka mapajani hadi mlangoni, kipande cha ngozi cha kusukumia sindano kimefungwa kiganjani. Mishono yake haikufumuka. Nasema haikufumuka! Kitambaa kingechakaa, kingechanika pembeni, lakini mshono ungeukuta palepale. Fundi wa namna hiyo siku hizi umtafute kwa tochi.

Kuzaa hakuzaa. Alimlea binti wa kaka yake tangu hajajua kutambaa, baada ya kaka na wifi kufariki, na mtoto akakulia hapohapo juu ya matanga. Alipokuwa mtu mzima akawa fundi wa pampu na injini, akaolewa na fundi umeme, kijana mpole ambaye ukimwuliza swali unaweza kwenda kuchemsha chai ukarudi kabla hajajibu. Wawili hao walinunua mashua kuukuu ya tanga, ya mlingoti mmoja, wakaikarabati miaka na miaka. Sasa walitaka kuivusha mfereji mkubwa wa meli unaounganisha bahari mbili, watokee upande wa pili, kisha waende. Wapi? Mbele. Mpaka lini? Hata wao hawakujua.

"Shangazi," binti akamwambia, "wewe ndiye utakayetukagua. Ukisema hatujawa tayari, hatuondoki. Neno la mtu mwingine silitaki."

Jamani, mtihani gani huo! Mama wa watu hana mwingine duniani, halafu unamkabidhi ufunguo wa mlango unaotaka kutokea. Neno moja tu mdomoni mwake, na mtoto angebaki. Chakula kilimshinda siku hiyo.

Katika yadi walikuwapo wachomeleaji wawili, mapacha, waliokuwa majirani zake pia. Mmoja alimwona alivyonywea, akamnong'oneza, "Bi Kaza, si useme tu mlingoti una ufa? Nani atapanda huko juu kuangalia?"

Alimtazama mpaka yule bwana akakosa pa kuweka mikono. "Ufa uko kichwani mwako," akamwambia. "Tena nitapanda mwenyewe."

Na alipanda, umri ule! Alikalishwa kwenye kiti cha turubai, mkwe akawa anamvuta juu kwa kamba, na yeye huko hewani hakunyamaza. "Mkwe, ukiniangusha, kaburini sikai, nakufuata!" Akagusa kila waya inayoshika mlingoti, akanusa kutu, akashuka na orodha nzima kichwani. Waya mbili zikabadilishwa. Pampu iliyokuwa ikivuja ikafunguliwa yote, ikafungwa upya. Matairi ya kuning'iniza ubavuni, ili chombo kisijipige kwenye kuta za mfereji, aliyavika turubai moja moja. Tanga dogo la dhoruba alilishona mishono mitatu mitatu, akawaita mapacha walining'inie. Wakaning'inia, wakarukaruka, wakachoka wao.

Kila jioni binti alimwuliza, "Vipi, Shangazi?" Naye akajibu, "Bado."

Sitamsingizia. Hizo "bado" za mwanzo zilikuwa za haki kabisa. Lakini pampu ilipopona na waya zikawa mpya, "bado" haikukoma. Mara bawaba ya kabati inalia. Mara rangi ya usukani haijakolea. Siku moja akaja na mapazia.

"Mapazia?" binti akashangaa. "Shangazi, tutazama kwa sababu ya mapazia?"

"Jua litawachoma usingizini," akasema, macho chini. Alijisikia vibaya, maana hakuwahi kuidanganya kazi. Usiku alijilaumu, asubuhi akashona mapazia.

Ndipo ofisi ya mfereji ikaleta tarehe ya kuvuka. Wakiikosa hiyo, upepo mzuri wa upande wa pili ungewapita, wangoje mwaka mzima. Binti hakumsukuma. Alikaa tu sakafuni karibu naye, akaanza kumtungia uzi kwenye sindano kama alivyozoea udogoni. Bi Kaza akapiga moyo konde. "Mnahitaji watu wanne wa kushika kamba," akasema. "Mapacha, wewe, na mimi. Tukifika upande wa pili, nitawapa neno langu."

Mfereji wenyewe ni ngazi ya maji. Chombo kinaingia kwenye chumba kikubwa cha zege, milango inafungwa, maji yanajazwa kukipandisha au yanatolewa kukishusha. Nyie mnakaa katikati, mmeshikiliwa kwa kamba nne ndefu zilizofungwa juu ukutani, na kila kamba ina mtu wake. Maji yakipanda, unavuta. Yakishuka, unaachia taratibu. Kuifunga chomboni ni mwiko, maana maji yakishuka na kamba imefungwa, chombo kinabaki kinaning'inia ukutani kama koti. Bi Kaza aliwafundisha hayo mwenyewe uani, kamba imezungushwa kwenye nguzo. "Hapa msikaze!" akafoka. Mapacha wakacheka mpaka wakakaa chini.

Kupanda kulikwenda vizuri. Mkwe alishika usukani, rubani wa mfereji, aliyeletwa na ofisi kuwaongoza, alisimama karibu naye na redio yake, mapacha wako mbele, binti nyuma kushoto, Bi Kaza nyuma kulia. Wakaanza kushuka, chumba baada ya chumba, mpaka wakaingia cha mwisho. Nyuma ya milango ile palikuwa na bahari.

Binti alikuwa miguu peku, anaachia kamba yake polepole huku anapiga mluzi. Bi Kaza akamtazama kisogo. Akaiona ile shingo aliyoiosha kwa sabuni miaka yote, na moyo ukamshuka hata asijue yuko wapi. Mikono haikumngoja. Ilifanya ilichofanya maisha yake yote, ikazungusha kamba kwenye chuma cha kufungia, ikarudia, ikapiga fundo. Ikakaza.

Maji yakashuka. Kamba ikalia. Chombo kikainuka upande wa kulia, masufuria yakaporomoka ndani.

"Nyuma kulia!" rubani akapaza sauti. "Achia! Achia, mama!"

Aliingiza vidole chini ya fundo, halikusogea. Uzito wote wa chombo ulikuwa juu yake. Kufumba na kufumbua, binti alishamtupia rubani kamba yake mikononi na yuko pale na kisu.

"Shangazi, toa mkono!"

"Ngoja, mwanangu, nitaifungua, nitaifu—"

"Nimesema toa mkono!"

Hakuna aliyewahi kumfokea Bi Kaza namna ile. Akautoa. Kisu kikapita mara moja tu, kamba ikakatika kwa mlio, chombo kikaanguka sawasawa, kikayumba, tairi likapiga ukuta na kudunda. Mkwe alikituliza kwa injini. Binti alikwisha kurusha kamba ya akiba kwa mfanyakazi wa mfereji aliyekuwa juu ukutani, akaivuta, akaishika mwenyewe, akaendelea kuachia pale aliposhindwa shangazi yake. Rubani alibaki na kamba aliyotupiwa, katoa macho.

"Nahodha ni nani humu?" akauliza.

Mkwe, safari hii bila kuchelewa, akamwonyesha mkewe.

Milango ilifunguliwa. Waliegesha kwenye gati la upande wa pili, rubani na mapacha wakashuka. Bi Kaza alikaa, machozi yanamtoka na wala hakuyaficha. Binti akapiga magoti mbele yake, akamkagua vidole kimoja kimoja.

"Umeumia?"

"Sijaumia."

"Basi tupe neno lako. Ukisema turudi, tunarudi wote, sitakulaumu."

Bi Kaza akamshika uso kwa viganja vyote viwili. Kama kuna siku nilimpenda mama yule, ni siku hiyo.

"Chombo kiko tayari siku nyingi," akasema. "Na wewe pia. Aliyekuwa bado ni mimi." Akasimama, akapanda gatini bila kushikwa mkono, akajifuta macho kwa kanga. "Haya, nendeni. Nendeni sasa hivi, kabla sijatafuta kasoro nyingine."