Boma la Minyaa Lisilo na Nyumba

Ukipita njia ya bondeni kwenda Kapalamsenga, utaona minyaa imezungushwa kama boma, na ndani hamna nyumba. Usiingie. Kaa kidogo nikueleze.

Aliyeipanda ni Telesfori, Mrundi aliyekuja mwaka sabini na mbili akalima mpunga karibu na ziwa. Chini ya bonde lile kuna jiwe jeupe, lile linalochomwa kupata chokaa. Maji hulila taratibu, kama mtoto anavyolamba sukari guru, mpaka linabaki pango lenye dari ya udongo. Maji yakijaa, yanaishikilia dari. Yakishuka wakati wa kiangazi, dari inabaki peke yake.

Kiangazi cha tisini na mbili, Immaculata, mke wa Telesfori, alipita pale na debe la maji kichwani. Ardhi ikafunguka. Hatukumpata.

Telesfori akazungushia shimo minyaa, akaacha uwazi upande mmoja. Kisha akachukua mchi wa marehemu, na kila asubuhi akawa anapita bondeni akigonga ardhi na kusikiliza. Panapolia kama ngoma, anatukataza kupita.

"Mzee, leo unatwanga nini?" tulimtania.

"Bonde. Unga ukiwa tayari nitawaita."

Zikaja mvua za El Nino. Zikashusha matope, shimo likazibwa juu tu, majani yakaota juu yake mazuri kabisa. Ilipofika Juni ya tisini na nane, akafika Manyanda, Msukuma, na mkewe Esteria, binti yao mdogo Scola, na ng'ombe ishirini na tatu. Kwao, minyaa ya duara yenye mlango ni boma la mtu aliyehama. Akashukuru Mungu, akaswaga ng'ombe ndani. Esteria akapanga mafiga, akamlaza Scola kwenye kanga.

Telesfori alifika akihema, mimi nyuma yake.

"Mwanangu, toa ng'ombe."

"Tumezoea, baba," Manyanda alijibu bila kugeuka. "Kila tunapofika tunaambiwa toa ng'ombe."

"Sikufukuzi. Hapa chini ni patupu."

"Hata matumbo yetu ni matupu," Esteria alisema, akipuliza moto. "Ndiyo maana tunapika."

Mzee akagonga mchi. Du. Akagonga tena.

"Mchi ukigonga chini lazima ulie," Manyanda alisema. "Hata kwetu Maswa unalia."

Nilidhani mzee atapiga kelele. Aliingia ndani ya boma, akaketi karibu na Scola, akaulaza mchi mapajani.

"Basi tutakaa wote. Mke wangu alizama hapa akiwa peke yake. Huyu mtoto hatazama peke yake."

Ng'ombe mmoja akakohoa. Esteria alimtazama mzee, akautazama ule mchi uliochakaa katikati, mahali mikono ya mwanamke ilipozoea kushika. Akambeba Scola.

"Baba Scola, toa ng'ombe."

"Na wewe umeamini?"

"Anayekufukuza haketi chini na mwanao."

Wakawatoa mmoja mmoja, polepole, Telesfori akiwasihi wasiwakimbize. Yeye alitoka wa mwisho. Moto ukaachwa unawaka, na sufuria juu yake.

Siku ya tatu mafiga hayakuwepo. Sufuria pia. Ardhi ilizama usiku; ilisikika kama gunia limetuliwa chini, basi.

Manyanda alikuja na mkewe kuangalia. Alisimama mbali kidogo na shimo, kofia mkononi.

"Baba, mbona uliacha mlango? Mtu akiona mlango, anaingia."

Telesfori aliutazama ule uwazi.

"Nilimwachia mama yenu njia. Nilifikiri, akitaka kutoka, atokee wapi?"

Hakuna aliyecheka. Manyanda akakata matawi ya minyaa, akayaweka karibu na uwazi, akangoja. Hakuyachomeka. Alimwachia mzee.

Telesfori alichimba kwa ncha ya mchi, akapanda tawi la kwanza, akalishindilia udongo kwa kiganja. Esteria akampa la pili.

"Mwambie mama tuko wengi huku, baba," alisema. "Asiwe na wasiwasi na wewe."