Vitenge vya Mama

Kitenge kipya kina harufu yake ya nta na rangi, ambayo huisha kikifuliwa mara ya kwanza. Jana binti yangu aliniletea kimoja kutoka Goma, nikakinusa kabla hata ya kumshukuru.

Asubuhi mama yangu alikuwa akivuka mpaka kwenda Goma akiwa mwembamba, na jioni anarudi kwetu Gisenyi amenenepa. Vitenge vya kuuza alivivaa vyote, kimoja juu ya kingine, ili asivilipie ushuru. Akishafunga mlango, ananipa ncha ya kile cha juu, kisha anazunguka polepole katikati ya chumba huku mimi navuta. Kitambaa kilikuwa kigumu, bado kina joto lake.

"Mama iko wapi?" namuuliza.

"Iko ndani. Vuta tu."

Nilivuta mpaka kikabaki kile chake cha zamani, kilichopauka, chenye harufu ya moshi na sambaza, wale dagaa wa ziwani. Hapo ndipo nilipomkumbatia, na mikono yangu ikakutana mgongoni mwake.

Binti yangu alipoondoka, nilikitandaza kile kipya kitandani, nikashika ncha, nikavuta. Kikaja chote mara moja.