Dobi Aliyeilaumu Sabuni

Jirani anaapa: Mama Povu alifua mapazia ya manjano mikono mitupu, rangi ikachuja, ikapanda mishipani mpaka machoni. "Niliyaona mwenyewe. Kama kiini cha yai!"

Asubuhi hii, uani, mwenye macho hayo anacheka huku akikamua shuka. Macho yake ni meupe. Mikononi yamebaki makovu ya kujikuna, membamba kama nyuzi.

"Rangi inapanda mwilini? Basi wapaka rangi wote wangekuwa maua," anasema dobi huyu, mama wa watoto wawili.

Yeye naye alikosea, tena kidobi. Viganja na nyayo vilipoanza kumwasha, aliilaumu sabuni. Akaacha ya unga akashika ya mche, akagombana na mwenye duka. Muwasho haukuhama. Mkojo ukawa kama chai ya rangi, choo kikapauka kama chokaa, na macho yakageuka manjano kweli.

Hospitalini walikuta kijiwe kimeziba mfereji unaotoa nyongo kwenye ini. Kolesteroli nayo ilikuwa juu.

"Nikamwambia daktari, mwanangu, mimi nyama naisikia harufu tu kwa majirani! Akasema, mama, si chakula peke yake. Ini hutoa kolesteroli kwa njia ya nyongo. Njia ikiziba, vyote vinarudi kwenye damu. Nikasema, kumbe mtaro umeziba, maji machafu yamerudi uani! Akacheka mpaka miwani ikamshuka."

Kijiwe kilitolewa kwa mpira mwembamba uliopitishwa mdomoni. Muwasho ukaaga, macho yakatakata, na vipimo vya baadaye vikaonyesha kolesteroli imeshuka.

Wateja, hata hivyo, walikuwa wameshatawanyika. Mkubwa wao ni jirani yuleyule, mwenye nyumba ya wageni. Alihofia wageni wake wataambukizwa, akapeleka mashuka kwingine.

"Kijiwe hakirukii mtu," anasema Mama Povu. "Mashuka yale ndiyo yanayomsomesha kifungua mimba wangu. Yatarudi."

Jirani anapita langoni, bunda la funguo mkononi. Mama Povu anajifuta povu.

"Dada, hebu njoo unitazame machoni."

Jirani anasita, kisha anakuja. Anainama. Anatazama jicho la kulia, halafu la kushoto, kama anayekagua noti.

"Umeona? Basi kesho niletee mashuka. Nitayafua mikono mitupu, hata yakiwa ya manjano."

Jirani anazichezea funguo. Anaitazama kamba ya kuanikia, nusu yake tupu. "Mashuka yangu yote yataenea hapo?" anauliza.